Raba za Jumanne

"Unakimbizwa na nani, Mama, na miaka hamsini na mbili?" Jirani wa mtaani Free Area alimuuliza Samsam hivyo siku ya kwanza ya kukimbia, naye akacheka tu.

Leo asubuhi shemeji yake hakuja na mzaha. "Mjane wa kaka yangu hakimbii barabarani. Wacha hiyo mambo."

"Daktari alisema mara tatu kwa wiki, shemeji. Jumatatu na Alhamisi nafunga, Ijumaa ni ya msikiti. Leo ni Jumanne."

Akajaza pamba kwenye ncha za raba kubwa, akavaa.

Shemeji alizitambua. Ni yeye aliyemnunulia kaka yake raba hizo presha ilipompanda, zikakaa kabatini mpya mpaka mazishi. Sasa soli zilikuwa zimelika.

Samsam alikaza kamba, akatoka kukimbia.