Kimraba cha Kijani

Kabla jeneza dogo halijafungwa, mama mfiwa alimshika mkono Devota, mpiga picha. "Mama, mwanangu hajawahi kupigwa picha. Nipige naye hata moja."

Devota aliinua kamera yake mpya. Kimraba cha kijani, kinachoonyesha kamera imemlenga nani, kikarukia jicho la mama. Akakisukuma kwa kidole gumba hadi kwa mtoto. Kikarudi kwa mama, kana kwamba mtoto hayupo.

"Mama wa picha, mchungaji keshavaa joho," alisema mwenye nyundo ya kufungia jeneza.

"Mungu atusamehe, asubiri kidogo." Devota akamgeukia mfiwa. "Inama, mwanangu. Weka shavu lako kwenye lake, mtatoka vizuri wote wawili."

Mfiwa akainama. Kimraba kikatulia.

Devota akabonyeza.

"Tayari, mwanangu."

Mfiwa hakuinuka.