Sikio la Mtamba

"Mshike vizuri, shemeji," bwana mifugo alisema, na Nyanzala akakikumbatia kichwa cha mtamba.

Sikio lilikuwa limeshapakwa spiriti. Lilikuwa la baridi, na mshipa mmoja ulikuwa ukidunda chini ya vidole vyake. Hapo ndipo sindano nene ingeingia na kuacha punje za dawa ya kunenepesha. Asubuhi hiyo, zizini kwao Sibwesa, maksai kumi na wawili walikuwa wameshapata zao. Aliyetiwa punje hizo alikuwa wa nyama; baada ya miezi mitatu angepandishwa lori.

Mtamba huyu alikuwa amepandwa misimu mitatu na hakushika mimba. Mumewe Nyanzala ndiye aliyesema basi, naye anenepeshwe.

Sindano ilipoinuliwa, mtamba aliulamba mkono wa Nyanzala.

"Ngoja," Nyanzala akasema. "Huyu ana mimba."

Bwana mifugo alisita. Mwenye mimba hatiwi dawa ile. Akamgeukia mume, aliyekuwa ameishika kamba.

Nyanzala hakuthubutu kuinua macho. Miaka tisa ya ndoa, na mtoto hajawahi kulia nyumbani mwao. Ndugu za mume walikuwa wamechoka kumwambia amrudishe mkewe kwao.

"Ni kweli," mume alisema. "Hata mimi nimeiona."

"Ya miezi mingapi?"

"Sisi hatuhesabu, bwana mifugo," alijibu, huku akiilegeza kamba. "Tunangoja tu."