Maji ya Tlali

"Kichwani hutafika, we mfupi," Babu Khoarai alimwambia mjukuu wake. "Mmwagie kifuani, halafu kimbia."

Lineo, msichana wa miaka minane, alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa zizi, amekumbatia jagi la bati. Mdogo wake Pheello alishika fimbo ambayo tayari alikuwa amenyang'anywa mara mbili. Kwetu mtoto akizaliwa, baba haambiwi kwa mdomo. Wa kiume, baba hushtukizwa kwa fimbo. Wa kike, humwagiwa maji. Aliyezaliwa safari hii ni wa kike, kwa hiyo Pheello hakuwa na kazi, na jambo hilo lilimuuma sana.

"Hata moja tu, Babu? Ya mguuni?"

"Ukimchapa, ataingia ndani kumtafuta mtoto wa kiume, atamkosa. Lete hiyo fimbo."

Bibi Matlali alikuwa akiwatazama kutoka mlango wa jikoni, mikono kiunoni. Siku ya tisa hiyo tangu kichanga kizaliwe, hajacheka. Mwanawe Tlali hajakanyaga nyumbani tangu alipoondoka kurudi machimboni Johannesburg, miezi kumi na minne iliyopita, na miezi hiyo kijiji kizima kilikuwa kimeihesabu vizuri kuliko mbuzi wao. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwa simu kwamba mkewe, Mama Lineo, amejifungua.

"Baba Tlali, acha mchezo huo," alisema. "Unawafundisha watoto wamwaibishe baba yao mchana kweupe. Na ule mwanzi mlangoni nauchomoa sasa hivi, asije akauona tangu barabarani."

Alimaanisha mwanzi uliochomekwa kwenye nyasi za paa, juu ya mlango wa Mama Lineo, kuonyesha kuwa mle ndani mna kichanga.

"Ukiuchomoa mwanzi, na mtoto utamrudisha tumboni?" Babu alimjibu. "Mtoto ni wa ng'ombe. Ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi hili wakaenda kwa kina Mama Lineo. Anayezaliwa mle ndani ni wetu, basi. Nani amekuja kukuuliza pua ni ya nani?"

"Wameshauliza. Kisimani wanamwambia Lineo mdogo wake ana pua ya fundi cherehani."

Lineo aliinamisha uso, akajifanya anatoa mdudu kwenye maji.

Babu hakuwa mjinga. Alijua Tlali akiyapokea maji, mtoto ni wake na midomo ya watu itafungwa. Akiyakwepa, Mama Lineo atarudi kwao na kichanga chake, na hawa wawili watabaki hapa bila mama. Ndiyo maana alitaka maji yamwagwe na Lineo mwenyewe. Kumkwepa mtoto kama huyu, aliwaza, ni lazima baba awe na moyo wa jiwe.

"Na ile simu ya juzi?" Bibi hakukubali kushindwa. "Kasema anakuja leo, ana neno zito, halisemeki kwenye simu. Halafu kauliza kama yule ng'ombe mweusi bado anakamwa. Mwanamume akianza kuulizia ng'ombe ana nini moyoni? Anataka mahari yake!"

"Mtu kauliza maziwa, wewe umesikia talaka."

"Nimemzaa mimi, Baba Tlali. Ile ilikuwa sauti ya mtu aliyevunjika. Watu wameshamwambia."

Babu naye sauti ile ilikuwa imemnyima raha, ila hakutaka kusema mbele ya watoto.

Ndani ya nyumba, Mama Lineo alikaa mkekani akinyonyesha. Nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye shuka, fundo limekazwa. Pheello alikuwa ameliona lile furushi asubuhi.

"Bibi," alisema, "kwani mtoto amekosa nini?"

Bibi alimtazama. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kata ya maji, akalijaza jagi la Lineo hadi juu.

"Baba yenu ni pande la mtu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Maji yale yalikuwa machache."

"Huyo! Huyo anakuja!" Pheello alipiga kelele.

Tlali alikuwa akipanda kilima kutoka dukani, mabasi yanaposimama, polepole mno kwa mtu anayerudi kwao. Begi mkono mmoja, mkono mwingine ndani ya blanketi lililobanwa kwa pini mpaka shingoni, ingawa jua lilikuwa kali. Lakini kwetu blanketi ni heshima ya mwanamume, hakuna aliyeshangaa. Alipofika uwanjani aliinua macho, akauona mwanzi.

Akasimama. Akasimama kwa muda mrefu hadi jirani aliyekuwa anaanua nguo akasahau kuzianua. Bibi aliziba mdomo kwa kiganja.

Kisha Tlali akaweka begi chini, akavua kofia.

"Baba, Mama," alisema. "Kabla hamjanikaribisha..."

Lineo hakumngoja amalize. Alichomoka nyuma ya zizi, akamwaga jagi zima kifuani pa baba yake.

"Tumepata msichana, Baba!"

Hakukimbia kama alivyoagizwa. Alibaki pale pale na jagi tupu, akimtazama usoni. Tlali hakukwepa, hakucheka, hakufoka. Alijikunja tu, mikono yote miwili kifuani.

Kichanga kikalia kwa nguvu.

Wote waligeuka kuutazama mlango wenye mwanzi. Mama Lineo alikuwa amesimama hapo, na mtoto mikononi mwake amelala fofofo. Kilio kilikuwa kinatoka ndani ya blanketi la Tlali.