Pengo la Profesa

Jumatatu saa tatu asubuhi Profesa alimuua Namba Nne, akapuliza chai yake, kisha akangoja kuona nani atamlilia.

Hakulia mtu. Namba Nne alikuwa kitone cha kijani kwenye kioo cha kompyuta, mmoja wa mawakala watano, yaani programu zinazojiamulia zenyewe, waliofunzwa kukikimbiza kitone chekundu mpaka kiingie zizini. Kila mmoja alikuwa na ubongo wake wa kubuni, mtandao wa neva. Timu zilizofaulu zilizalishwa, zilizoshindwa zilifutwa, na vizazi elfu tisa vilikuwa vimepita hivyo bila hata mmoja kuomba mapumziko. Sasa wale wanne waliobaki wakakizingira chekundu, wakakitia zizini kwa muda uleule wa siku zote.

"Kupe!" Profesa alicheka peke yake. "Vizazi elfu tisa anakula jasho la wenzake!"

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake mpya: mwondoe mmoja, tazama kazi imeshuka kiasi gani, na kiasi hicho ndicho thamani yake. Hesabu nzuri tu. Angeiacha humo humo kwenye kompyuta, tusingekuwa na la kusimulia.

Wiki hiyohiyo Mkuu wa kitivo alitangaza kwamba idara lazima ipunguze mtu mmoja kabla muhula haujaisha. Profesa, aliyekuwa akikaimu ukuu wa idara kwa mwaka wa tatu na kukitamani kiti chenyewe usiku na mchana, akasimama kikaoni na dawa mkononi. Kila mhadhiri akae nyumbani wiki moja, kwa zamu. Zihesabiwe alama zilizoingizwa, mitihani iliyochapwa na wanafunzi waliohudumiwa. Namba ziseme nani ni nani. Mkuu alipenda sana, maana namba hazina wajomba.

"Na mimi, Profesa, wiki yangu ni ipi?" aliuliza sekretari wa idara, aliyekuwa akiichapa ratiba hiyo.

"Wewe huhusiki, dada. Wewe si wakala. Wewe ni mazingira."

"Haya," alisema dada, akaendelea kuchapa. Alikwisha kuitwa mabaya zaidi.

Wahadhiri wanne walitoka mmoja mmoja, wakarudi. Wa kwanza kazi ilishuka kwa asilimia tano, wa pili tatu, wa tatu nne. Mzee wa takwimu, mwenye watoto wawili wanaosoma bado, aliambulia mbili. Tangu siku hiyo alitembea kando ya ukuta.

Ikabaki zamu ya Profesa mwenyewe, na hapo alishikwa na woga. Miaka mitatu hakuwa amefundisha darasa hata moja, alikuwa akifuga vitone. Je, akiondoka na kazi isishuke hata kidogo? Jumatatu alikaa sebuleni, simu mapajani, hajanywa wala hajala. Mkewe, aliyezoea kuwa na nyumba yake mchana, aliuliza mara mbili jaribio hili linaisha lini.

Saa nne simu ikalia. Alikuwa Mkuu.

"Profesa, maabara imefungwa. Funguo hazijulikani ziliko."

"Pole sana," alisema Profesa, na njaa ikamrudia.

Jumanne mitihani haikuchapwa, kwa sababu karatasi ziko stoo na hakuna aliyejua stoo ni mlango upi. Jumatano jenereta ilizimika, mafuta hayakuagizwa, na vitone vyote vikafa pamoja na ubongo wao. Alhamisi foleni ya wanafunzi ilifika getini.

"Napiga simu ofisini kwako haipokelewi hata!" Mkuu alifoka.

"Wamevunjika moyo," alieleza Profesa kwa huruma. "Jahazi bila nahodha."

Ijumaa jioni hesabu ikatoka: kazi imeshuka kwa asilimia themanini na moja.

Jumatatu iliyofuata aliingia kikaoni kifua mbele. Mkuu alimshika mkono kwa mikono miwili, akatamka mbele ya wote kwamba kiti cha ukuu wa idara sasa kina mwenyewe. Mzee wa takwimu akainua kidole.

"Kuna jambo moja dogo kuhusu wiki ile, ningeomba tu..."

"Mzee wangu," Profesa alimkata, "namba hazibishaniwi. Wewe hasa ulipaswa kulijua hilo. Na wewe una mbili."

Mzee akashusha kidole. Mbili ni mbili, na ada ni ada.

Ikabaki kumtaja wa kupunguzwa, na Profesa siku hiyo alikuwa na moyo mkubwa. Wahadhiri wote, alisema, wana thamani yao, ingawa ndogo. Katika orodha nzima ya wafanyakazi kuna jina moja tu ambalo jedwali halina hata asilimia moja mbele yake. Hakupinga mtu. Barua ikagongwa muhuri palepale.

Aliipeleka mwenyewe. Tangu asubuhi foleni ilikuwa imekwisha, maabara iko wazi na jenereta inanguruma, na yote hayo Profesa aliyahesabu kuwa baraka ya kurudi kwake. Dada alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, mkono mmoja ukimpa fundi funguo, mwingine ukipanga mitihani. Akaweka simu chini, akaisoma barua hadi mwisho. Machozi yakamlengalenga.

"Miaka kumi na tisa, Profesa."

"Si mimi, dada. Ni namba."

"Haya. Basi mtaishi kama mlivyoishi wiki ile."

"Wiki ipi?"

"Hiyo uliyokaa nyumbani," alisema dada, akijifuta macho. "Na mimi sikuwepo. Nilikuwa likizo, fomu ulinisainia mwenyewe."