Hofu ya Ndelilio

Siku ya mbio, mama mkwe hunipokonya kisu cha kumenyea ndizi. Anajua mikono yangu haitatulia.

Sheria ya ubingwa wa mbio za magari hairuhusu dereva kuingia garini na hofu yake. Kabla ya kila mbio humchagua mtu wa kumbebea, na tangu tuoane, mume wangu Ndelilio amekuwa akinichagua mimi. Msimu mzima yuko ughaibuni, na simu zake ni za nadra. Lakini gari likiondoka tu, bangili niliyopewa ya kupokelea hofu hupata moto na hofu yake hunijaa kifuani. Kwenye kona kali natetemeka mpaka meno yanagongana. Majirani zetu hapa Moshi hunionea huruma. Hawajui kwamba hiyo ndiyo saa pekee ninayokuwa naye.

Mbio za mwisho zilipofika, nilivaa kanga aipendayo, nikakaa mbele ya televisheni. Magari yakaondoka. Bangili ilibaki baridi.

"Imeharibika?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, Mama. Taa yake inawaka."

Ndelilio aliingia kona ya kwanza ubavu kwa ubavu na mpinzani wake. Mtangazaji alipiga ukelele. Moyo wangu ulikuwa shwari kama maji ya mtungini.

"Labda siku hizi haogopi, mwanangu."

"Anaogopa, Mama. Kuna mtu mwingine mahali fulani anatetemeka."

Mama mkwe alikwenda jikoni, akarudi na mkungu wa ndizi, akanirudishia kisu.