Kanga ya Dirishani

Kiangazi kiliikausha nyumba kama ngozi ya ngoma, na Mzee Shomari akawa hapumziki kwa kikohozi. Tabibu alisema hewa ya ndani itiwe unyevu. Mgongo wa Bi Rukia, mkewe, ulikwisha kukataa ndoo, lakini kikombe ulikikubali. Basi alitundika kanga dirishani, akawa anairowesha kikombe baada ya kikombe, upepo ukaingia na ubaridi. Alichagua ile ya pamba tupu, maana ndiyo iliyoshika maji kuliko zote. Maandishi yake hakuyafikiria.

Bi Mwanaidi, jirani wa dirisha kwa dirisha, aliyafikiria. Alifika mlangoni mikono kiunoni.

“‘Wivu wako haunikoseshi usingizi.’ Nimesoma, shoga. Ujumbe umefika. Haya, iondoe!”

“Siiondoi.”

“Wanitukana mchana kweupe?”

“Iguse kwanza, ndipo ugombe.”

Bi Mwanaidi aliishika. Maji yakamtiririka mpaka kiwikoni. Ndani, Mzee Shomari alivuta pumzi ndefu, asikohoe. Bi Mwanaidi akajifuta mkono, akaondoka bila kuaga.

“Na anune,” alisema Bi Rukia, akajaza tena kikombe.

Alasiri, kwenye dirisha la pili, lile la juu asilolifikia, alikuta kanga ya Bi Mwanaidi imetundikwa kwa nje, ikichuruzika maji. Maandishi yalielekezwa ndani. Bi Rukia alisogea, akakunja uso, kisha akaanza kupapasa kifuani akitafuta miwani.