King'ora cha Juu ya Ghala

Starehe ya Bi Semeni ilikuwa kuvitambua ving'ora vikuukuu vilivyosahaulika mapaani, kwa umbo tu, kama wengine wanavyotambua ndege.

"Kile cha juu ya ghala kilizungushwa kwa mkono," alimwambia mumewe, Singano, wakimenya mihogo uani. "Kikilia, hata mbuzi wanatimka."

"Kama wewe ukiniita."

Wakacheka. Siku hizi bwawa la juu ya bonde lao likitaka kupasuka, onyo humlilia mtu peke yake, kwenye kidude alichotiwa sikioni, tena yule tu mwenye miguu ya kuwahi mlimani. Wengine huachwa, wasisumbuke bure.

Ghafla Singano akashika sikio. Kisu kikamponyoka.

"Kuna nini, baba?"

"Mbu tu, mke wangu."

Sikio la Bi Semeni lilikuwa kimya kabisa. Akayatazama magoti yake yaliyovimba.

"Viatu vyako viko mlangoni, Singano."

Singano akaokota kisu, akasogeza kigoda chake karibu na cha mkewe.

"Hebu niambie, hicho king'ora chako kililiaje?"

Bi Semeni akavuta pumzi, akakiigiza kwa sauti yake yote, mpaka milango ya wazee wenzake bondeni ikaanza kufunguka.